Namba ya tarakimu 20: Punje moja ya mchele inavyolishinda ghala la dunia

Katika bandari ndogo ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, mchele huhesabiwa kwa magunia, si kwa punje. Gunia la kilo 50 huandikwa moja, na kazi huendelea. Hata hivyo, iko namba moja mashuhuri ambayo kwa zaidi ya miaka elfu moja imewarudisha wasomi, wafanyabiashara na makarani kwenye punje yenyewe. Namba hiyo ni 18,446,744,073,709,551,615.

Ni namba nzima, ni witiri, na ina tarakimu 20. Haikuokotwa ovyo. Kila tarakimu yake ina sababu ya kuwa hapo ilipo, na mtu mwenye kalamu na karatasi anaweza kuikagua bila ya kuhesabu punje hata moja. Hilo ndilo linaloipa thamani katika mji kama Mocímboa da Praia, uliotekwa na wapiganaji mwezi Agosti 2020 na kurejeshwa mikononi mwa serikali mwezi Agosti 2021. Kwa wakazi waliorudi kuanza maisha upya, gunia lililoandikwa vibaya kwenye orodha ni chakula cha familia ya mtu.

Ombi lililomcheka mfalme

Asili ya namba hii ni hadithi ya mchezo wa sataranji. Inasimuliwa kwamba mfalme wa Bara Hindi alipendezwa mno na mchezo huo, akamtaka mvumbuzi wake ataje zawadi aitakayo. Mvumbuzi akaomba nafaka: punje moja katika chumba cha kwanza cha ubao, mbili katika cha pili, nne katika cha tatu, nane katika cha nne, na kila chumba kipate maradufu ya kilichotangulia mpaka vyumba vyote 64 viishe. Mfalme akaliona ombi hilo kuwa dogo mno. Watunza hazina wake walipopiga hesabu, wakagundua kwamba ufalme wote haukuwa na nafaka ya kulilipa.

Hadithi ni hadithi, lakini hesabu yake ni ya kweli, nayo ilijulikana mapema katika ulimwengu wa Bahari ya Hindi. Al-Masudi, mwandishi na msafiri wa Baghdad aliyefariki mwaka 956, aliitaja hesabu ya kuongeza maradufu vyumba vya sataranji katika kitabu chake Muruj adh-Dhahab. Msafiri huyo huyo aliifahamu pwani ya Afrika Mashariki kwa macho yake. Alifika kisiwa cha Qanbalu, ambacho wanahistoria wengi hukinasibisha na Pemba, na mwaka 304 wa Hijria, sawa na 916 au 917, alisafiri kutoka huko kurudi Oman. Aliandika pia kuhusu mabaharia wa Oman na Siraf waliokwenda mpaka Sofala, ambayo leo iko Msumbiji. Njia ya kwenda Sofala ilipita mbele ya pwani ya Cabo Delgado ya leo.

Karibu na mwaka 1000, mtaalamu wa hesabu na falaki Al-Biruni alionyesha njia fupi ya kuifikia namba hiyo. Na katika karne ya 13, mwandishi wa tarehe Ibn Khallikan alikiri kwamba aliitilia shaka hesabu hiyo mpaka alipokutana na mhasibu mmoja wa Alexandria, mji wa bandari, aliyemwonyesha kwa karatasi. Mhasibu huyo hakuendelea kuhesabu punje. Alipofika chumba cha 16, aliubadilisha wingi wa punje kuwa kipimo cha sokoni, kisha akaendelea kuongeza maradufu kwa vipimo.

Kutoka kibaba hadi jahazi

Njia ya mhasibu wa Alexandria inaweza kufuatwa vilevile na karani wa pwani ya Waswahili. Ichukuliwe kwamba punje 40 za mchele zina uzito wa gramu moja, makadirio yaliyo karibu na uhalisia. Basi kilo moja ina punje 40,000, na gunia la kilo 50 lina punje milioni 2.

Chumba cha 16 peke yake kina punje 32,768, yaani gramu 819. Hicho ni kibaba kimoja na ushei, kwa kipimo cha zamani cha pwani kilichokuwa karibu na robo tatu ya kilo ya mchele. Vibaba vinne hufanya pishi moja, kwa hiyo chumba cha 18 ni pishi na ushei. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa kibaba kimejaa, na bado robo tatu ya ubao haijaguswa.

Jumla ya vyumba 21 vya kwanza ni punje 2,097,151, sawa na gunia moja la kilo 50 na kilo mbili juu yake. Mpaka hapo mpagazi mmoja anatosha. Jumla ya vyumba 31 ni punje 2,147,483,647, ambazo uzito wake ni tani 53 na ushei, shehena ya jahazi kubwa. Jumla ya vyumba 36 ni tani 1,718, mzigo wa meli ya mwambao. Jumla ya vyumba 41 ni karibu tani 55,000, ambazo zinahitaji meli kubwa ya baharini.

Baada ya hapo bandari haisaidii tena. Dunia nzima, katika miaka ya karibuni, huzalisha zaidi ya tani milioni 500 za mchele uliokobolewa kwa mwaka. Mavuno hayo yote humalizika kabla chumba cha 55 hakijajaa. Ubao ukikamilika, mchele wote ni takriban tani bilioni 461, mavuno ya dunia ya takriban miaka 900. Na mtu akiamua kuzihesabu punje hizo moja kwa kila sekunde, usiku na mchana, atahitaji miaka bilioni 584, ilhali umri wa ulimwengu wote unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8.

Siri ya chumba kinachofuata

Je, jumla ya vyumba 64 hupatikanaje bila ya kujumlisha safu 64 za tarakimu? Jibu liko katika sifa moja ya maradufu. Vyumba vitatu vya kwanza vina punje 1, 2 na 4, jumla 7. Chumba cha nne kina punje 8. Vyumba vinne vya kwanza vina jumla ya 15, na cha tano kina 16. Daima, kila chumba huwa na punje moja zaidi ya jumla ya vyumba vyote vilivyokitangulia.

Kwa hiyo jumla ya vyumba 64 ni sawa na punje ambazo zingewekwa katika chumba cha 65, kama kingekuwapo, ukitoa moja. Na chumba hicho cha 65 hufikiwa kwa njia ya Al-Biruni, ya kuzidisha namba kwa namba hiyohiyo. Mbili mara mbili ni 4. Nne mara nne ni 16. Kumi na sita mara 16 ni 256. Hiyo mara 256 ni 65,536. Hiyo nayo ikizidishwa kwa yenyewe ni 4,294,967,296. Mara ya sita, jibu ni 18,446,744,073,709,551,616. Ukitoa moja, namba imepatikana. Kazi iliyoonekana kuwa ya safu 64 imekwisha kwa hatua sita.

Hesabu inapoishia katika mashimo ya bao

Sataranji si mchezo pekee wenye hesabu hii. Bao la Kiswahili, linalochezwa vibarazani kutoka Lamu na Zanzibar mpaka kaskazini mwa Msumbiji, lina mashimo 32 katika safu nne, na huchezwa kwa kete 64, kila mchezaji 32. Mashimo ya bao ni nusu ya vyumba vya sataranji, na kete zake ni sawa na vyumba hivyo.

Ingekuwa mvumbuzi wa hadithi ameomba zawadi yake juu ya bao, punje moja katika shimo la kwanza na maradufu mpaka shimo la 32, angestahili punje 4,294,967,295. Hizo ni tani 107 za mchele, karibu magunia 2,150 ya kilo 50. Mzigo huo unaweza kupakuliwa katika bandari ya Mocímboa da Praia na kuwekwa ghalani. Mfalme angelipa, na hadithi ingeishia hapo.

Tofauti kati ya deni linalolipika na deni lisilolipika milele ni mashimo 32 ya ziada. Anayetazama nusu ya kwanza ya ubao huona mchele wa jahazi mbili, na hudhani kwamba nusu ya pili italeta jahazi nyingine mbili. Kumbe nusu ya pili huzidi nusu ya kwanza zaidi ya mara bilioni nne.

Sifa hiyo huonekana hata katika mikopo ya mitaani. Deni la meticais 1,000 linaloongezeka maradufu kila mwezi huwa meticais 4,000 baada ya miezi miwili, kiasi ambacho bado mtu anaweza kukitafuta. Baada ya miezi 12 huwa meticais 4,096,000. Aliyeweka sahihi kwa kutazama miezi miwili ya kwanza ametazama kona ndogo tu ya ubao.

Vigawo saba

Namba kubwa inaweza kuonekana kama ukuta usio na mlango, lakini hii ina milango mingi. Tarakimu yake ya mwisho ni 5, kwa hiyo inagawanyika kwa 5. Tarakimu zake zote zikijumlishwa hupatikana 87, ambayo inagawanyika kwa 3 lakini si kwa 9, na ndivyo ilivyo namba yenyewe. Kanuni hizo mbili hufundishwa katika shule za msingi, nazo zatosha kufichua makosa mengi ya uchapaji. Mwandishi akikosea tarakimu moja, mara nyingi jumla ya 87 huharibika kiasi kwamba mgawanyo kwa 3 haukubali tena.

Milango mingine hufunguka kwa kuigawa namba katika nusu zake. Jumla ya mashimo 32 ya bao, 4,294,967,295, ikizidishwa kwa 4,294,967,297, huleta namba ya sataranji kamili. Namba hizo mbili ni jirani wa pande mbili za 4,294,967,296: moja iko chini yake kwa 1, nyingine iko juu yake kwa 1.

Jirani wa chini ni zao la namba tasa tano: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja kati ya hizo ni namba ya maradufu iliyoongezwa 1: 2 na 1, 4 na 1, 16 na 1, 256 na 1, 65,536 na 1. Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliziona namba hizo mwaka 1640, akaamini kwamba mfuatano wake wote ni wa namba tasa. Inayofuata baada ya hizo tano ni huyo jirani wa juu, 4,294,967,297.

Kwa karibu karne nzima hakuna aliyeonyesha kwamba Fermat alikosea. Mwaka 1732, Leonhard Euler wa Uswisi aligundua kwamba 4,294,967,297 inagawanyika kwa 641, na jibu ni 6,700,417. Mwenye shaka anaweza kuzizidisha mwenyewe. Mpaka leo, baada ya zile tano za mwanzo, hakuna namba nyingine ya Fermat iliyothibitishwa kuwa tasa.

Hivyo namba ya sataranji ina vigawo tasa saba, kila kimoja kikitokea mara moja tu: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Kwa kuwa kila kigawo tasa kinaweza kuwamo au kutokuwamo katika kigawo kikubwa zaidi, idadi ya vigawo vyote vya namba hii ni 2 ikiongezwa maradufu kwa mtindo uleule, yaani 128. Hata idadi ya vigawo vyake imetoka katika ubao.

Bilioni ya Kiswahili na bilião ya Kireno

Kwa wasemaji wa Kiswahili na Kimwani wa Cabo Delgado, namba hii huibua jambo jingine, nalo ni jina lake. Kwa Kiswahili, kinachofuata desturi ya majirani wa kaskazini, kila sufuri tatu huleta jina jipya: elfu, milioni, bilioni, trilioni, kwadrilioni, kwintilioni. Namba hii husomwa kwintilioni 18, kwadrilioni 446, trilioni 744, bilioni 73, milioni 709, elfu 551, mia sita na kumi na tano.

Katika Kireno cha Msumbiji, kinachofuata desturi ya Ureno, majina baada ya milhão hubadilika kwa kila sufuri sita. Bilioni ya Kiswahili, yenye sufuri tisa, huitwa mil milhões, yaani milioni elfu moja. Neno bilião huanzia kwenye sufuri 12, ambayo kwa Kiswahili ni trilioni, na trilião huanzia kwenye sufuri 18. Kwa hiyo namba ileile iliyo kwintilioni 18 kwa Kiswahili ni triliões 18 kwa Kireno.

Hili si suala la sarufi tu. Gharama ya mradi wa gesi asilia wa Afungi, wilayani Palma, kaskazini mwa Mocímboa da Praia, imekuwa ikitajwa kuwa dola bilioni 20. Kwa Kireno, hizo ni dola mil milhões 20. Mfasiri anayeandika biliões 20 kwa kufuata mlio wa neno, mbele ya msomaji aliyezoea desturi ya Ureno, ameongeza gharama mara elfu moja kwa herufi chache tu. Wakazi wa Msumbiji wanaujua uzito wa sufuri tatu: tarehe 1 Julai 2006, metical mpya moja ilichukua nafasi ya meticais 1,000 za zamani. Penye shaka, ni salama zaidi kuandika tarakimu zote.

Maradufu katika kontena na kompyuta

Hesabu ya ubao inatumika bandarini kila siku, ingawa wengi hawaioni. Namba ya kontena ulimwenguni kote ina herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu moja ya mwisho ya ukaguzi. Herufi hugeuzwa kuwa namba, kisha nafasi ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, na kuendelea maradufu mpaka nafasi ya kumi, inayozidishwa kwa 512. Jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya ukaguzi. Baki ikiwa 10, huandikwa 0.

Namba ya mfano ni CSQU 305438, ambayo tarakimu yake ya ukaguzi ni 3. Karani akiteleza akabadilisha nafasi za 5 na 4, akaandika 304538, hesabu huleta 1 badala ya 3, na kosa hujulikana kabla kontena halijapelekwa kusikostahili. Maradufu huipa kila nafasi uzito wake wa pekee, ndiyo sababu ni nadra tarakimu mbili kubadilishana mahali kimyakimya.

Kompyuta nazo huhesabu kwa maradufu. Namba nzima kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa katika nafasi 64 za kompyuta, bila alama ya hasi, ni hii hii ya sataranji. Nusu yake, yenye nafasi 32, ndiyo ya bao. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani zilipangwa katika nafasi 32, na mafungu yake ya mwisho yaliyosalia katika hazina kuu ya dunia yaligawiwa mwezi Februari 2011. Wapangaji wa mwanzo waliona bilioni nne kuwa nyingi mno, kama mfalme alivyoliona ombi la mvumbuzi kuwa dogo mno.

Tarehe nyingine iko njiani. Kompyuta za mtindo wa zamani zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 zinaweza kufika 2,147,483,647 tu, namba ileile ya punje zilizojaza jahazi katika chumba cha 31. Zitafika kikomo hicho tarehe 19 Januari 2038, na mifumo ambayo haitakuwa imerekebishwa inaweza kusoma tarehe kimakosa.

Namba inayokubali kukaguliwa

Lugha ya kila siku huwa na njia rahisi ya kukwepa namba kubwa: chungu nzima, tele, zisizo na idadi. Kisa cha ubao wa sataranji kinaonyesha kwamba punje zinazozidi mavuno ya karne tisa bado zina idadi, na idadi hiyo huishia kwenye 5, hugawanyika kwa 3, na hupatikana kwa hatua sita za kuzidisha.

Ibn Khallikan hakuamini kwa sababu namba ilikuwa kubwa. Aliamini kwa sababu mhasibu wa bandarini alimwekea kila hatua mbele ya macho yake. Mpokeaji wa chakula, mkopaji wa fedha na msomaji wa mkataba wa mabilioni wana haki ya kudai vivyo hivyo: kuonyeshwa hatua, na kuzihesabu tena wenyewe.